Ukili usioshonwa

Swali la wiki hii limeuliza kama mtunzi anayekaa na shairi moja kwa miezi mingi anaitunza kazi yake au anajichelewesha bure. Ninajibu nikiwa katika mwezi wa 11 na shairi la beti 7, na ninaamini kwamba bila miezi hiyo ningekuwa nimemsingizia marehemu bibi yangu.

Bibi alikuwa msuka mikeka huko Tanga. Alipofariki, nilitunga tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, ya kumlilia usiku uleule, mizani (silabi) 16 kwa kila mshororo, 8 kwa kila kipande, na kabla ya alfajiri nilikuwa nimemaliza. Mshororo wa kwanza ulisema, "Bibi umetuachia, vilio visivyokoma." Mizani ilitimia, na jamaa waliousikia walilia. Hata hivyo, nilipousoma tena baada ya arobaini, niliona kwamba ungefaa kwa msiba wowote ule. Kina cha "ma" kina maneno tele, kama vile huruma, nyuma, daima na mama, nami nilikuwa nimelipokea la kwanza lililobisha hodi.

Kwa hakika bibi hakutuachia vilio visivyokoma, kwani sisi wajukuu tulikuwa tumekwisha kuanza kucheka tena. Alichotuachia ni ukili aliousuka kwa mkono wake, umezungushwa na kuwekwa nyuma ya mlango, ukingoja kushonwa uwe mkeka. Nilikuwa nikiupita kila siku, lakini ilinichukua majuma kadhaa kuuona, na mengine kadhaa kukubali kuufuta mshororo ambao watu waliusifu. Ndipo nikaandika, "Bibi umetuachia, ukili usioshonwa."

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana kina cha "nwa" ni adimu, na mishororo mitatu iliyofuata ililazimika kubomolewa yote. "Kunenwa" na "kuonwa" yalikuja mapema. La nne lilinikimbia kwa karibu miezi mitatu, nami nikawa nikiughani ubeti kwa sauti ya chini njiani kila asubuhi, kwa kuwa shairi letu ni la kuimbwa na mizani iliyopungua husikika sikioni kabla kidole hakijaihesabu. Ningeweza kubadili kina, au kulirudia "kuonwa" nikidhani hakuna atakayegundua. Siku moja nilimkuta shangazi uani akichana ukindu, na neno likaja lenyewe: kuchanwa. Halikuleta kina tu, bali liliurudisha ubeti kwenye mwanzo wa kazi ya bibi, kwani kabla ya ukili kusukwa ni lazima ukindu uchanwe.

Wapo watakaosema kwamba malenga wa kweli hutunga papo hapo. Kipaji hicho nakiheshimu sana, lakini anayejibu jukwaani bila kusita huwa ameweka maneno akiba kwa miaka mingi ya kuhifadhi tungo za waliomtangulia, na subira yake tayari ameitoa pale tusipoiona. Tena si kila majibizano yalikuwa ya papo kwa papo. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi mapema katika karne ya 19, zama ambazo hapakuwa na simu wala gari kati ya miji hiyo miwili, na jibu lilikuwa jambo la kungojwa.

Shangazi ameniomba nilighani shairi hili kwenye hitima ya mwaka, mwezi ujao. Nimemwambia kwamba nitaghani beti 5. Katika ubeti wa 6 kuna neno "kabisa" ambalo limekaa pale kwa ajili ya kutimiza mizani tu, na ubeti wa 7 unalitegemea.