Daktari hanawi, nimwambie? Na maswali mengine ya wodini

*Shikamoo mama. Mama yangu kalazwa wiki ya pili, kavunjika nyonga. Daktari akipita asubuhi anatoka kitanda hiki anaingia kile na glovu zilezile. Nikisema si nitaonekana mjuaji? – Wa Morogoro*

Marahaba mwanangu. Sema. Glovu iliyoshika kidonda cha jirani humkinga aliyeivaa. Mama yako haimsaidii chochote. Bakteria hawana miguu, hubebwa, na mbebaji mkubwa wodini ni mikono yetu sisi wahudumu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika nchi kama zetu, kati ya wagonjwa 100 waliolazwa, 15 hupata walau ambukizo moja hukohuko hospitalini.

Madaktari kununa wakiambiwa wanawe ni jambo la zamani. Mwaka 1847, mjini Vienna, Ignaz Semmelweis aliona akina mama wanaojifungua wanakufa zaidi kwenye wodi ya madaktari kuliko ile ya wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti wanakwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe kwa maji ya klorini, vifo vikashuka sana. Wenzake wengi walimchukia, maana nani anapenda kuambiwa mikono yake ndiyo iliyoua?

Nilipokuwa wodi ya upasuaji, kuna bibi mmoja aliweka chupa ya kitakasa mikono juu ya kabati la mumewe. Ukikaribia, anaiinua na kukunyooshea, haongei. Hata bingwa wetu, ambaye tulimwogopa wote, alikinga kiganja. Fanya hivyo. Kitakasa kijae kiganjani, kisuguliwe sekunde 20 hadi 30, na dole gumba lisisahaulike. Hilo ndilo tunaloliruka kila siku. Mikono ikionekana michafu, ni maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60.

*Baba ana kanula mkononi, kile kibomba cha kupitishia dripu mshipani. Dripu iliisha juzi, sindano kaacha, lakini haijatolewa na sasa panauma. – Binti yake, Tanga*

Weka simu chini umwite nesi sasa hivi. Kanula isiyo na kazi ni mlango ulioachwa wazi hadi kwenye damu. Pakiwa pekundu, pamevimba au pana joto, haisubiri raundi ya kesho. Kama ana mpira wa mkojo pia, kila asubuhi uliza: "Bado anauhitaji?" Mfuko wake uwe chini ya kiuno na usiguse sakafu.

*Mke wangu kajifungua kwa operesheni, karuhusiwa bila dawa ya kukausha mshono. Ninunue za siku saba duka la dawa? – Baba Asha*

Hongera kwa mtoto, na hela hiyo mnunulie mama samaki. Hakuna antibayotiki inayokausha mshono. Dozi ya kuzuia maambukizi katika upasuaji hutolewa kabla ya kisu kugusa ngozi. Kama hakuna maambukizi, kuongeza siku saba ni kuwaua bakteria wanyonge waliomo mwilini na kuwaachia nafasi wale sugu, wasiosikia dawa. Siku akiumwa kweli, dawa hiyohiyo inaweza kugoma. Mshono ukitoa usaha au harufu, au akipata homa, mrudishe hospitali. Akiandikiwa dawa huko, amalize kama alivyoelekezwa.

*Nafanyiwa upasuaji wa ngiri Jumatatu. Ninyoe nyumbani? – G.*

Usinyoe. Wembe huacha michubuko usiyoiona, na bakteria hupenda hapo. Ikibidi, hospitali watapunguza nywele kwa mashine. Oga kwa sabuni.

*Usaha wa kaka umeoteshwa maabara kutafuta bakteria, wakasema ana mdudu sugu, wakamhamishia chumba cha peke yake. Shangazi hataki hata kumsalimia. Tumzuie kuja? – Wa Kigoma*

Shangazi aje. Kutengwa kule ni kwa ajili ya wagonjwa wengine, wenye vidonda vibichi na mipira mwilini, mdudu asiwafikie. Mtu mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria sugu puani au tumboni bila kuugua. Mwenye kidonda kibichi, au anayetumia dawa za saratani, ndiye asubiri. Wengine mvae gauni na glovu mkiambiwa, msikae kitandani kwake, na mkitoka hapo msipitie kusalimia wodi jirani, hata kama kuna mtu wa kwenu. Mkono wake mshikeni tu. Mnawe mkiingia, mnawe mkitoka, na simu aliyoipapasa shangazi humo ndani ifutwe pia.