Kipikipiki cha cc 49: ukitengeneze au ukiongezee nguvu?

SWALI: Habari za kazi. Nilimnunulia mwanangu kipikipiki kile cha Kichina cha kuvuta kamba, cc 49, kimeshatumika. Asubuhi kuwaka ni mpaka uvute sana, kikishawaka kinanguruma chenyewe bila kuvuta akseleta, na kikipata moto kinazima. Fundi wa bodaboda anasema ninunue injini nyingine. Nikubali? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kaka, injini usinunue bado. Kwanza hakikisha waya wa akseleta haujakwama, kama uko sawa basi huko kunguruma mara nyingi ni hewa inaingia pasipotakiwa. Kati ya kabureta na silinda kuna gasketi za karatasi, nati zinalegea kwa mtetemo, hewa inapita pembeni, petroli inakuwa kidogo mno kwa hewa iliyoingia na injini inachemka, tena kumbuka oili yake inakuja na hiyohiyo petroli, kwa hiyo ikipungua moja zimepungua zote na pistoni inaanza kukwaruza silinda, ukifika hapo ndo utanunua injini kweli. Kaza nati, badilisha gasketi, bei yake ndogo sana.

Halafu mwulize anayejaza mafuta anachanganya vipi. Hii ni tu-stroku, haina oili yake chini kama bodaboda. Nyingi ya hizi zinaenda 25 kwa 1, yaani lita 1 ya petroli unatia mililita 40 za oili ya tu-stroku, lita 5 mililita 200. Pima kwa bomba la sindano, usikadirie kwa kifuniko. Wengine wanazidisha wakidhani wanailinda, matokeo yake plagi inalowa na kuwaka inakuwa shida. Fungua plagi uitazame: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi ya kulowa ina maana oili au petroli imezidi, nyeupe hapo simamisha kabisa mpaka ujue hewa inaingilia wapi.

Ya kuwaka kwa shida, fungua kabureta usafishe jeti, kile kipande kinachopitisha petroli. Tundu lake ni dogo sana na petroli iliyokaa wiki kadhaa inaacha gundi ndani, kwa hiyo kama mtoto anaendesha likizo tu, funga koki na uiache injini iunguze petroli yote iliyobaki kwenye kabureta. Na kamba msiikwanyue! Vuta taratibu mpaka uhisi ugumu ndo uvute kwa nguvu, manake vile vimeno vya ndani vingi ni vya plastiki.

SWALI: Mambo. Mimi nina kama hicho, kinatembea fresh. Nataka nifunge eksozi ya spoti, kabureta ya milimita 19 na chujio la hewa la wazi. Nitaona tofauti au napoteza hela? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Tofauti utaiona mdogo wangu, ila uliza kwanza kitasimamaje. Breki za hivi vipikipiki nyingi ni za waya, waya unavutika, pedi ni ndogo, na bolti zinalegea kila mkiendesha. Mimi ningeanza na waya mpya, pedi nzuri, gundi ya bolti na cheni iliyonyooka na sproketi (lile gurudumu la meno la cheni), hata kama havionekani kwa washkaji.

Ukishamaliza hapo, kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni sproketi. Ya nyuma ukiweka yenye meno mengi zaidi kinaondoka kwa nguvu, spidi ya mwisho inapungua kidogo, na klachi inapumua kwa sababu haisugui muda mrefu. Eksozi na chujio la wazi vinabadilisha hewa, kwa hiyo lazima uweke jeti kubwa zaidi, ukifunga tu na kuondoka utaunguza pistoni. Kabureta ya 19 peke yake ningeiacha, manake ile ya kiwandani mara nyingi ni ya 14 au 15 na njia za silinda zimechongwa kwa hiyo.

Hesabu yangu mimi: vifaa vyote vikizidi nusu ya bei ya kipikipiki, acha, weka hela ununue kikubwa. Na barabarani usikitoe, kiko chini mno, dereva wa lori hakuoni.

SWALI: Kikubwa ni kipi sasa, kwa kijana wa miaka 14 mwenye shamba la kuchezea? (Mama wa watatu, Morogoro)

JIBU: Dada, tafuta cha cc 110 chenye injini ya kulala, yaani silinda imelala mbele, muundo ulioanzia kwa Honda Super Cub ya 1958. Ni foo-stroku, oili ina mahali pake, spea nyingi zinaingiliana na pikipiki za aina hiyo na fundi yeyote wa mtaani ataifungua. Helmeti inunue siku hiyohiyo, saizi ya kichwa chake, na akseleta ikiwa na skrubu ya kupunguza spidi ikaze mpaka azoee.