Unayeingia kamati ya mikopo, isome Co-operative Bank

Wewe uliyechaguliwa juzi kwenye kamati ya mikopo au bodi ya SACCOS, kabla hujazoea vikao na posho, soma yaliyoipata Co-operative Bank ya Manchester. Tangu 1992 ilikuwa na sera ya maadili: wauzaji wa silaha kwa tawala kandamizi, kwa mfano, hawakukopeshwa. Wateja waliipendea hilo, na mimi siwalaumu. Ila sera ile ilihusu nani anyimwe mkopo. Kama aliyepewa atalipa, hilo lilikuwa la wengine kuuliza.

Mzigo uliingia 2009 ilipoungana na Britannia, taasisi ya mikopo ya nyumba. Humo mlikuwa pia na mikopo ya majengo ya biashara, na bei za majengo zilikuwa zimeshaporomoka. Ripoti ya uchunguzi ya Sir Christopher Kelly ya 2014 ilisema mikopo ile haikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kuungana. Basi ukiletewa pendekezo la namna hiyo, usiridhike na muhtasari. Omba mafaili ya wadaiwa wakubwa. Angalia dhamana ilithaminiwa lini, na nani ameongezewa muda mara ya pili, kwa sababu mkopo unaosogezwa mbele huonekana mzima kwenye taarifa. Mimi humuuliza afisa mikopo kabla ya meneja. Yeye ndiye anayewapigia wadaiwa simu wasipokee.

Wenzetu hata hivyo walitaka kununua matawi 632 ya benki ya Lloyds. Walijitoa Aprili 2013, na Juni wakatangaza pengo la mtaji la pauni bilioni 1.5.

Mwenyekiti wa benki katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa Paul Flowers, mchungaji wa Methodisti aliyepanda kupitia chaguzi za ushirika. Kamati ya bunge ilipomuuliza Novemba 2013 rasilimali za benki ni kiasi gani, alijibu pauni bilioni 3. Zilikuwa 47. Magazeti yalishikilia kashfa yake ya dawa za kulevya. Kwangu jibu lile ndilo zito.

Sehemu kubwa ya fedha za uokoaji ilitoka kwa wenye hatifungani, yaani walioikopesha benki kwa riba; madai yao mengi yakageuzwa hisa. Mifuko ya uwekezaji ikashika usukani, ushirika uliokuwa ukiimiliki benki ukabaki na 30% ya hisa, na baada ya uokoaji wa pili wa 2017 ukatoka kabisa. Kati ya wenye hatifungani walikuwamo wastaafu waliotegemea ile riba, nao walilazimika kukubali masharti mapya.