Ashitakiwe, lakini asiwe peke yake

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kiongozi aliyeamuru raia wauawe vitani ashitakiwe hata akiwa ameshazeeka na kuugua. Ndiyo, ashitakiwe. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulishuhudia Idi Amin, aliyekuwa mtawala wa Uganda, akizeeka kwa amani Jeddah hadi alipofariki Agosti 2003, bila hakimu yeyote kumuuliza habari za Kyaka, kule kwetu Kagera, ambako jeshi lake liliua raia. Wapo wanaosema wakati ule sheria haikuwepo. Ilikuwepo. Mikataba ya Geneva ya 1949 ilikuwa imeridhiwa na Tanzania, na Uganda, na hata Saudi Arabia iliyompa hifadhi. Inaitaka kila nchi imsake aliyewaua raia makusudi vitani, imshitaki yenyewe au imkabidhi kwa atakayemshitaki.

Nilitaka niishie hapo, lakini swali lenu limenirudisha kwa watu ambao hamkuwauliza: askari wa upande wetu.

Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa Kyaka. Jeshi la Amin lilipoingia Oktoba 1978, mumewe aliuawa uani kwake. Yeye akakimbia na watoto hadi Bukoba, wakapanda meli ya MV Victoria, wakashuka Mwanza na khanga walizojifunika. Walilala kwetu Igogo, chumba kimoja na sisi. Mlango ukigongwa tu, wale watoto waliingia chini ya kitanda. Kaka yake mama mdogo, yaani mjomba wangu, alikuwa mgambo, akachukuliwa kwenda vitani.

Aliporudi mwaka 1979 nyumba ilifurika. Majirani walileta kuku, ngoma ikapigwa. Usiku wageni walipotawanyika, mjomba akaanza kusimulia Masaka, mji wa Uganda: walivyouteka Februari, baruti zilivyotegwa, majengo yalivyoangushwa moja baada ya jingine kulipiza yaliyofanyika Kagera. Alisimulia huku akimtazama dada yake, kama mtu aliyemletea zawadi kutoka mbali.

Mama mdogo alimwacha amalize. Kisha akauliza, "Kaka, na wenye nyumba walikuwa wapi?"

"Walikimbia."

"Wote?"

"Waliosikia waliondoka."

"Na kikongwe asiyeweza kutembea?"

"Dada, ile ilikuwa vita. Hukuwepo."

"Mimi nilikuwepo Kyaka," akasema, akainuka kwenda kulala.

Mama alinifukuza na mimi nikalale, lakini nilikuwa nimeshasikia. Hawakugombana. Mama mdogo ndiye aliyemuuguza kaka yake hadi mwisho. Masaka haikutajwa tena kati yao.

Vita ile ilikuwa ya haki, hilo siliachii hata kidogo. Amin alivamia, akatangaza ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera kuwa yake. Lakini sheria ya vita haiulizi nani alianza. Inauliza ulimfanya nini asiyeshika silaha, na kusema "niliamriwa" peke yake hakumwokoi mtu. Mwalimu Nyerere alishtushwa na ubomoaji ule, akaagiza raia na mali zao waheshimiwe. Ni heshima kwake. Hata hivyo Masaka haikupata mahakama, kama Kyaka ilivyokosa.

Angalieni Arusha. Ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliwashitaki watu 93 na 62 wakahukumiwa, akiwemo aliyekuwa Waziri Mkuu, Jean Kambanda. Ni kazi kubwa, na najivunia kwamba ilifanyika kwetu. Ila katika hao 93 hakuna hata mmoja wa upande ulioshinda vita ile ya Rwanda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya The Hague nayo, ambayo Tanzania iliridhia mkataba wake mwaka 2002, haigusi kosa lolote la kabla ya Julai mwaka huo. Kyaka na Masaka zote zimebaki nje.

Nilianza na Amin peke yake na sasa siwezi kumwacha peke yake. Mahakama ambayo ingemsimamisha Amin ingepaswa kumwita na mjomba wangu: kwanza kama shahidi, na kama ushahidi ungefika huko, kama mshitakiwa. Naandika haya kwa uchungu, maana nilimpenda. Angefungwa gereza la Butimba, ningempelekea chakula kila Jumapili na nisingeandika barua ya kuomba aachiwe. Ila ningetaka kwanza waliompa baruti, na vyeo vyao, wawe wameshahukumiwa kabla yake.

Msomaji, Igogo, Mwanza