Jibu: Siku moja ya mapumziko Guangzhou, China, karibu na maji

Ndugu, umesema shehena yako imechelewa, umefikia mtaa wa Xiaobei, na ungependa mahali tulivu kando ya maji pasipo maduka ya jumla. Nakushauri uende Shamian. Panda metro ya mstari wa 5 hadi Tanwei, ubadilishe uingie mstari wa 6, kisha ushuke Huangsha, kituo cha pili. Kutoka hapo utavuka barabara na mfereji mwembamba kwa miguu.

Shamian ni kisiwa kidogo cha Mto Zhujiang ambacho mwaka 1861 kiligawanywa baina ya Waingereza na Wafaransa, ndiyo maana utakuta majumba ya mawe yenye baraza pana na nguzo, yaliyojipanga chini ya miti mikubwa ambayo mizizi yake inaning'inia kama ndevu. Wazee hucheza pale mchezo wa kupigiana kishada cha manyoya kwa miguu, bila kukiacha kiguse ardhi, na maharusi hupigwa picha kila kona, hata mtu hujikuta anawapisha njiani mara kwa mara. Kwa maoni yangu, saa nzuri ni alasiri, jua likishapungua, ukae ukingoni kutazama matishari yakipita.

Hoteli ya White Swan, iliyofunguliwa mwaka 1983, ina maporomoko ya maji ndani ya ukumbi wake. Ingia uyaone, ila chakula chake ni ghali. Ukirudi, pitia soko la Qingping, ng'ambo ya mfereji, penye magunia ya uyoga mkavu na dawa za miti shamba.