Ukianza R kwa swirl, usikimbilie asilimia mia

Wanafunzi wengi wa takwimu, uchumi na afya ya jamii hapa Nairobi hukutana na R, lugha ya kompyuta ya kuchambua data, mara ya kwanza chuoni, na wanaoniomba msaada huwa naanza nao kwa swirl. Ni kifurushi kinachokufundisha R ukiwa ndani ya R yenyewe: kinaeleza jambo kwa sentensi mbili tatu, kinakuuliza, unaandika amri, kisha kinakuambia umepata au ujaribu tena. Unakipakua kwa install.packages("swirl"), unakiita kwa library(swirl), halafu unaandika swirl(). Chagua kozi ya R Programming. Fanya hayo mahali penye waifai. Kozi ikishaingia kwenye kompyuta, unasoma hata bila data. Kitakuuliza jina. Tumia lilelile kila siku, maana ndilo kinalotumia kukumbuka ulipofikia.

Sasa sikiliza hapa. Kila ukijibu sawa, mstari wa asilimia unasogea na unapewa sifa. Inapendeza, na ndiyo maana wengi humaliza somo zima wakiandika tu walichoelekezwa. Waulize kesho yake c() hufanya kazi gani, kimya. Asilimia ile inaonyesha umefika wapi kwenye somo, basi.

Amri ninayoithamini kuliko zote ni play(). Inasimamisha somo ujaribu unachotaka, na nxt() inakurudisha ulipokuwa. Somo la kwanza kabisa litakuonyesha c(1, 2, 3, 4) + c(0, 10), jibu 1 12 3 14. Usipite haraka. Vekta ni orodha ya namba inayoundwa na c(), na hapa ile fupi imerudiwa tangu mwanzo mpaka ikaitosha ndefu. Ingia play(), weka c(100, 10) badala yake, na kabla ya kubonyeza Enter andika kwenye daftari unachotarajia. Kisha jaribu ya namba tatu, c(0, 10, 100). Utapata 1 12 103 4, pamoja na onyo kwamba urefu hauwiani. Zingatia kwamba ile ya namba mbili haikuleta onyo lolote. Ukiwa kazini na data halisi, kosa la namna hiyo litapita bila kelele.

Halafu leta namba za maisha yako. Chukua nauli yako ya matatu kwa siku tano:

nauli <- c(50, 80, NA, 100, 50)

Siku ya tatu hukuandika, kwa hiyo ni NA. Ukiomba wastani kwa mean(nauli), jibu ni NA, na wengi hapo hudhani wameharibu kitu. Hawajaharibu. R haiwezi kujua ulilipa ngapi siku hiyo, na haitabahatisha. Ukiandika mean(nauli, na.rm = TRUE), yaani NA iachwe nje, unapata 70; median, yaani namba ya kati, kwa mtindo huohuo inatoa 65, kwa sababu ile mia ya siku ya mvua inavuta wastani juu. Mtu aliyeona hivyo kwa nauli yake mwenyewe hahitaji kukariri tofauti ya wastani na kati.

Kuna skip() pia. Inakuandikia jibu sahihi na kukusogeza mbele, kwa hiyo itumie kwa nadra sana. Na ukiona object 'Nauli' not found, yaani R haikioni kitu chenye jina hilo, isome kwanza kabla ya kumwita mtu: R inatofautisha herufi kubwa na ndogo.

Ukishamaliza masomo matano au sita, toka kwa bye() na ufanye kazi ndogo bila mwalimu. Kwa sensa ya 2009 Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369, na ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Tafuta ongezeko kwa asilimia. Ukinakili namba hizo na mikato yake ndani ya c(), R haitalalamika. Itaona kila mkato kama mwisho wa namba, na ukiwa umeiita orodha hiyo watu, length(watu) itakuambia una namba 6 badala ya 2. Andika watu <- c(3138369, 4397073), kisha gawanya tofauti yake kwa namba ya kwanza: diff(watu) / watu[1] * 100. Jibu ni kama 40.1.