Mishkaki ya Mombasa: toka baada ya magharibi

Kaka, kwa siku zako mbili Mombasa usihangaike na mbuzi wa kuchoma kwa kilo, huyo utamla ukirudi bara. Huku tafuta mishkaki, na uitafute jua likishazama, maana majiko mengi ya barabarani huwashwa jioni. Anzia barabara ya Makadara: Tarboush iko pale, watu huifuata kwa kuku tikka na mishkaki. Kisha teremka kwa miguu hadi Mji wa Kale, si mbali.

Mimi nimekulia huku, jiko zuri nalijua kabla sijaonja. Ukiona nyama ingali kwenye beseni la viungo na mchomaji anapepea mkaa papo hapo, kaa. Ukiona mishkaki imeshaiva, imerundikwa pembeni na inapashwa moto tu, pita. Ulaini wake ni papai bichi, lina kimeng'enya kinacholainisha nyama. Halafu tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Papai likizidi nyama hugeuka bokoboko, utaligundua kwa tonge la kwanza. Agiza na ukwaju wa pilipili, na mkate wa mofa ukibahatika kuupata wa moto.

Ila kama safari yako inaangukia Ramadhani, mchana usijisumbue, subiri watu wafuturu. Na bia usiiulizie kwenye majiko ya Mji wa Kale, utaangaliwa vibaya bure.